Sahani ya Mchungaji

Sehemu ya kumi na mbili

Najua, najua. Wiki iliyopita nilimwacha Tiurma na tonge hewani, nikaenda zangu kulala. Muuza nyanya mmoja akanikamata sokoni, akaniuliza kwa ukali: "Kala au hakula?" Nikamwambia asubiri gazeti. Akakataa kuniuzia.

Haya basi, tonge liko pale pale nilipoliacha.

Ni Jumapili, chumba cha wazee nyuma ya kanisa, ibada ya asubuhi imeisha sasa hivi. Mchungaji Hutapea amesoma matangazo ya ndoa za watu wote, na alipofika kwa Binsar na Tiurma akaruka kama anaruka dimbwi. Kwetu huku ziwani ndoa hutangazwa kanisani Jumapili mbili. Tangazo la kwanza lilishapita. Bila hili la pili, Ijumaa hakuna harusi, na wageni wameshakodi magari kutoka Medan.

Kosa la Tiurma ni nini? Amezaliwa. Amezaliwa nyumba ya Parmalim, watu wa dini ya mababu, wanaosali Jumamosi na hawagusi nguruwe wala damu. Alihudhuria mafundisho mwaka mzima, akabatizwa Pasaka, anaimba kwaya sauti ya pili. Lakini mtu kamnong'oneza mchungaji kwamba siku ya uchumba bibi harusi hakugusa nyama.

Basi mchungaji akaagiza sahani ya saksang kutoka nyumbani kwake. Nguruwe aliyepikwa kwa damu yake mwenyewe, nyama ya sherehe zetu zote. Ikawekwa mbele ya binti wa watu, wazee wa kanisa wamemzunguka kama mahakama.

"Kula, binti," mchungaji akasema, sauti laini kama mafuta. "Ukila, jioni nasoma majina yenu. Ni jambo dogo tu."

Tiurma akamtazama Binsar. Binsar akatazama dari.

Akala.

Akatafuna mara ya kwanza, akatulia. Akatafuna tena, polepole, macho chini. Wazee wakadhani anataka kutapika. Mzee mmoja akasogeza viatu vyake.

Lakini Tiurma hakuwa anatapika. Alikuwa anashangaa. Ile haikuwa nguruwe. Ilikuwa nyati, nyati wa kufugwa, wa kulimia mashamba, imepikwa kwa nazi iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, ili mtu akiiona aseme ni damu. Damu hamna hata tone. Hivyo ndivyo mama yake alivyopika sikukuu zote za utoto wake, na nje ya nyumba za Parmalim hakuna mtu anayepika hivyo.

Sasa nani, ndani ya nyumba ya mchungaji, alijua kupika hivi? Na kwa nini alimwokoa?

Hakuuliza. Alikula mpaka akaifuta sahani kwa kidole.

"Nimemaliza, Baba Mchungaji."

Wazee wakapumua. Mama Binsar, mama mkwe mtarajiwa, akajipepea kwa kitabu cha nyimbo na kusema, "Unaona sasa? Mambo yameisha." Lakini mimi ningekuomba, msomaji, uutazame uso wa mchungaji. Mtu aliyetoa mtihani, mwanafunzi akafaulu, hufurahi. Huyu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Ladha yake je?" akauliza.

"Nzuri sana. Mpishi wako anaijua kazi."

Shavu la mchungaji likacheza. Akavuta kiti, akakaa.

"Vizuri. Sasa tuje kwa baba yako."

"Baba kafanya nini?"

"Nasikia anakuja ibada ya jioni kusikia majina. Na kile kitambaa chake kichwani."

"Kilemba."

"Hakiingii kanisani kwangu. Leo hakiingii, na Ijumaa hakiingii. Hata akikivua, Ijumaa asikae mbele. Nje kutakuwa na turubai, kuna kivuli kizuri."

Mzee Parulian, mzee wa kanisa na mjomba wa Binsar kwa mama yake, akakohoa.

"Baba Mchungaji, baba wa bibi harusi akakae na wakata vitunguu?"

"Nimesema kivulini. Sijasema jikoni."

"Na nani atamkabidhi binti?"

"Mtu yeyote aliyebatizwa."

"Mimi mwenyewe nimebatizwa," Tiurma akasema. "Nijikabidhi?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mchungaji hakucheka.

"Binti, sina neno na wewe. Nawajua hawa watu. Leo wanabatizwa, kesho wanazaa, mtoto anapelekwa kwa babu kunuiziwa. Damu ni nzito kuliko maji, hata yakiwa maji ya ubatizo."

Hebu lisome tena neno hilo. Limetoka kwenye kinywa cha mchungaji, nyumba ya Mungu, Jumapili. Mimi nililisikia nikashikwa na hasira mpaka leo inanirudi nikiandika.

"Unawajua vipi?" Mzee Parulian akauliza taratibu.

"Nini?"

"Umesema unawajua hawa watu. Wewe ulikuja kwetu juzi kutoka Dairi, na kule Parmalim hawapo. Unawajua vipi?"

Mchungaji akashikwa na kikohozi. Akanyanyuka, akasema ana wagonjwa wa kutembelea, akatoka.

* * *

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Mama Binsar alimshika Tiurma mkono na kumvuta pembeni. Mkono ulikuwa wa upendo. Macho yalikuwa kwenye tumbo.

"Mwanangu, umenitoa roho. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, mama?"

"Msichana akikataa nyama, watu hawafikirii dini peke yake. Wanafikiria na mengine. Na unajua kanisa letu haliwabariki wenye… wenye haraka."

Tiurma akautoa mkono wake taratibu.

"Kumbe mlikuwa mnaichungulia sahani yangu, au mnalichungulia tumbo langu?"

"Usikasirike. Ukiwa na mtoto wa kiume ndiyo utajua."

"Sina mimba, mama. Siku ile ya uchumba nilikuwa sijawahi kumla nguruwe tangu nizaliwe. Nilipobatizwa maji yalimwagwa kichwani, tumbo bado linajifunza. Mwalimu wa mafundisho alijua, akasema si amri ya Mungu. Sasa naomba kujua, nani alipeleka maneno?"

Mama Binsar akainua mabega. Binsar alikuwa amesimama karibu, anahangaika na funguo za pikipiki.

"Binsar?"

"Achana nayo," Binsar akasema. "Umekula, yamekwisha. Mwambie tu baba yako avue. Nusu saa tu."

"Umwambie wewe."

"Ni baba yako."

"Na Ijumaa atakuwa baba yako na wewe."

Funguo zikaanguka, akainama kuziokota, akachukua muda mrefu kuliko funguo zinavyohitaji.

Tiurma akapiga hesabu. Siku ile ya uchumba meza yao ilikuwa na watu wachache. Mama Binsar, Binsar, na Mzee Parulian. Na hapo msomaji wangu wa siku nyingi tayari umeshamnyooshea mtu kidole. Kwetu kijana huoa binti wa mjomba wake. Asipomtaka, inabidi aende kwa mjomba na chakula, apige magoti, aombe radhi kwa kumpita binti yake. Binsar aliomba radhi kwa Mzee Parulian. Mzee alikubali, ila siku ile alikubali akiwa ameangalia dirishani.

Tiurma akamfuata ngazini.

"Mjomba, ulimwambia wewe?"

"Unaniuliza au unanishtaki?"

"Bado nauliza."

Mzee Parulian akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Sikiliza wewe mtoto. Binti yangu Lamria yuko Batam, ana mchumba anayechomelea meli. Huyu mpwa wangu, Lamria mwenyewe hamtaki hata akipewa na nyumba. Na mimi ningetaka kukuharibia, ningekataa radhi siku ile ile, mbele ya watu, na wangenisifu kwamba nina msimamo. Nikaseme kwa kunong'ona? Mimi?"

Ni kweli. Mzee Parulian hajawahi kunong'ona maishani mwake. Hata akisali kimyakimya jirani anasikia.

"Basi nani, mjomba?"

"Hesabu meza yako vizuri," akasema, akavaa miwani. Kisha akaondoka.

Tiurma hakulipenda jibu lile. Akaamua kwanza kufuata swali la pili, la ile sahani.

* * *

Jiko la nyumba ya mchungaji liko nyuma, limetenganishwa na nyumba. Mpishi wake ni bibi mmoja mkimya, alikuja naye kutoka Dairi. Mchungaji huwaambia watu ni mjane aliyemwonea huruma. Kanisani haji, ana miguu mibovu. Jumamosi jiko halitoi moshi, mchungaji anakula kiporo. Watu wakisema ni uvivu wa bibi, mchungaji haongezi neno.

Tiurma aliingia na sahani mkononi. Bibi alikuwa anapepeta mchele, mgongo mlangoni.

"Nimerudisha chombo, Bibi. Asante."

"Weka hapo."

"Nani alikufundisha kupika nyati hivyo?"

Ungo ukasimama.

"Mimi nimepika nguruwe," bibi akasema.

"Sawa. Basi nani alikufundisha kupika nguruwe mwenye ladha ya nyati?"

Bibi akageuka. Alimtazama Tiurma kuanzia paji la uso hadi kidevu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwenu ni nani?"

"Butarbutar."

"Butarbutar wengi. Baba yako nani?"

"Baba Tiurma. Mimi ndiye wa kwanza, ndiyo maana wanamwita hivyo. Jina lake la utoto Togu."

Bibi akakaa chini pale pale, juu ya gunia la mchele. Tiurma akamshika bega, akamuuliza kama anaumwa. Bibi akatikisa kichwa.

"Mwambie asije leo."

"Nani? Baba? Kwa nini?"

"Mwambie asije, mwanangu. Ijumaa muoane, mwondoke, mwende mbali. Hapa asije. Akija kuna mtu ataumia."

"Nani ataumia?"

Mlango ukawa na kivuli. Mchungaji Hutapea alisimama pale, tai imelegea.

"Mpishi," akasema. "Nilisema wageni hawaingii jikoni."

Bibi akainuka akachukua ungo wake. Tiurma aliona jambo moja tu kabla ya kutoka. Bibi hakuwa anamwogopa mchungaji. Alikuwa anamwonea huruma.

Tiurma alijaribu kumpigia baba yake. Simu ya mzee, kama kawaida, ilikuwa nyumbani inachajiwa.

* * *

Jua lilipoanza kulala, bajaji ikasimama mbele ya kanisa. Akashuka Baba Tiurma. Mrefu, mwembamba, msuli wake safi, shuka la ukoo begani, na kilemba cheupe cha Parmalim kichwani kimefungwa sawasawa, bila mkunjo. Kengele ya kwanza ilikuwa imelia. Watu waliokuwa wanaingia wakasimama. Waliokuwa wameshaingia wakatoka.

Mchungaji alikuwa mlangoni, karatasi ya matangazo mkononi. Wazee wa kanisa nyuma yake. Tiurma akakimbia kumzuia baba, akachelewa.

"Horas, Mchungaji," mzee akasalimia na kunyoosha mkono.

Mkono ukabaki hewani.

"Mzee, karibu. Lakini hicho kitambaa…"

"Utaniambia, nitakusikiliza. Kwanza tuitane. Mimi Butarbutar, mwana wa nne wa mzee aliyekuwa akijenga nyumba za kuchonga pale Lumban Tonga. Wewe Hutapea wa wapi? Na mama ni binti wa ukoo gani?"

Kwetu hilo si swali la uchokozi. Wawili wakikutana, hata kama wanagombania kiti cha basi, kwanza huulizana ukoo, babu, na upande wa mama, mpaka wajue nani amwite nani kaka, nani shemeji, nani mjomba. Wakishajuana ugomvi unaendelea, ila kwa heshima. Mtu asiyetaka kuulizwa kwao, kwetu tunasema ana mzigo.

"Mimi hapa ni mchungaji," akajibu. "Inatosha."

Wazee wakatazamana.

"Haitoshi," Baba Tiurma akasema kwa upole. "Nitakuitaje? Labda wewe ni mkubwa kwangu, nikakukosea bure."

"Mzee amekuuliza vizuri," Mzee Parulian akaingilia. "Na mimi pia nataka kujua. Mwaka wa pili huu nakaa nawe. Nikikuuliza upande wa mama, unashikwa na kikohozi. Leo asubuhi tena umeshikwa."

"Hii ni ibada, si baraza la koo."

"Kengele ya pili bado. Sema tu, mama ni binti wa nani?"

Jasho lilikuwa limemtoka mchungaji kwenye nywele. Watu walikuwa wamejaa ngazini, kwaya nzima na watoto wa shule ya Jumapili.

"Mama yangu alishakufa," akasema kwa nguvu. "Zamani. Sina wajomba. Sasa, mzee, vua hicho kitambaa au ubaki nje, na majina hayasomwi mpaka utii."

"Alikufa lini?"

Sauti ilitoka upande wa nyumba ya mchungaji. Bibi wa jikoni alikuwa amevua aproni. Alikuwa amejifunga shuka begani, kanyoosha nywele kwa maji, na anakuja taratibu kwa ile miguu yake.

"Nakuuliza, mwanangu. Alikufa lini? Asubuhi si nimekupa chai?"

"Mama, rudi ndani," mchungaji akasema.

Likatoka. Neno moja, *mama*, mbele ya kanisa zima, na halirudi tena mdomoni hata ukilifuata kwa mbwa.

Baba Tiurma alikuwa hajamtazama mchungaji tena. Alikuwa anamtazama bibi. Akapiga hatua moja, akasimama, kama anaogopa kukosea.

"Dada Sondang?"

"Togu. Umekuwa mzee wewe."

"Walituambia mlihamia Kalimantan. Baba alikuulizia mpaka anakata roho."

"Sikufika Kalimantan. Mume alipofariki nilihamia jikoni."

Akamkumbatia. Mzee mzima, kilemba na kila kitu, akalia kwenye bega la dada yake mbele ya watu wote, na mimi sioni aibu kusema wengi wetu tulilia naye. Mama Binsar alilia zaidi ya wote, ingawa nadhani alikuwa anahakikisha pia kwamba anaona vizuri.

"Subirini," Mzee Parulian akasema, maana mtu wa kwetu hata kwenye kilio hesabu ya ukoo haimtoki. "Mchungaji, basi huyu uliyemwambia abaki nje ni mjomba wako. Tumbo moja na mama yako. Na huyu binti uliyemwekea sahani kama kuku wa mtego ni binti wa mjomba wako. Kimila ulitakiwa kumposa wewe."

Mtu mmoja wa kwaya akacheka, akajiziba mdomo. Wengine hawakucheka. Kwetu mjomba hatukanwi. Mjomba ndiye anayekubariki, na asipokubariki hata mchele wako hauivi. Huyu alikuwa amemwacha mjomba wake mkono hewani.

"Nilifanya kwa ajili yako," mchungaji akamwambia mama yake, sasa kwa sauti ya mtoto. "Unajua wangeniambia nini chuoni. Unajua nisingepewa kanisa. Wewe ungeacha tu Jumamosi yako, basi. Nilikuomba mara ngapi?"

"Niliacha kila kitu kingine," bibi akasema. "Niliacha hata jina. Jumamosi nikajibakizia. Sasa msalimie mjomba wako."

Mchungaji hakumsalimia. Hakukataa pia. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa na joho lake, viganja usoni.

Tiurma alitaka kumchukia. Asubuhi yote alikuwa amemchukia vizuri kabisa. Sasa ikawa ngumu, na hilo likamkasirisha zaidi.

Kengele ya pili ikalia. Mzee Parulian akainama, akaitoa karatasi kwenye vidole vya mchungaji kama unavyomtolea mgonjwa kikombe.

"Matangazo hata mzee wa kanisa anasoma," akasema. "Shemeji Butarbutar, karibu ndani. Mbele kabisa. Kilemba kikae hapo hapo kilipo, mwenye neno aje kwangu. Na wewe dada, huyo mpwa wangu anakuletea kiti sasa hivi. Binsar, kiti."

Baba Tiurma akaingia kanisani na dada yake mkononi. Watu wakawapisha. Wakawafuata. Ngazi zikabaki tupu, isipokuwa mchungaji aliyekaa upande wa chini, na mlangoni Tiurma na Binsar.

Binsar hakwenda kuleta kiti.

"Twende," Tiurma akasema, anacheka na machozi bado yako kwenye kidevu. "Umesikia? Anasoma. Binsar, anasoma majina yetu. Twende tukae."

"Tiurma."

"Nini?"

"Mjomba Parulian hakusema."

"Najua. Aliniambia. Na kwa sauti ile hata Medan walimsikia."

"Na mama hakusema."

Kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Ndani kipaza sauti kilikwaruza, Mzee Parulian akawa anakigonga kwa kidole.

"Ni mimi," Binsar akasema. "Niliona ulivyoisukuma nyama pembeni. Nikaenda kwa mchungaji. Nilimwomba akujaribu."

"Ulimwomba."

"Mara moja tu. Nilitaka kuwa na uhakika. Watu wanasema mtu wa Parmalim akishapata mtoto anarudi kwao. Kila siku wananiambia, kazini, nyumbani, kila mahali. Nikasema afadhali nijue kabla. Sikujua angelifikisha mbele ya wazee. Sikujua kuhusu baba yako. Nilitaka tu kukuona ukila, niwanyamazishe."

"Si ungeniuliza mimi."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekujibu ukweli."

"Lakini umekula. Nimeona mwenyewe. Kwangu mimi yamekwisha, Tiurma. Sasa nina uhakika."

Tiurma alimtazama mwanaume huyu ambaye kwa ajili yake aliacha dini ya baba yake, akajifunza nyimbo asizozijua.

"Ile nyama ilikuwa nyati," akasema.

"Nini?"

"Hakuna nguruwe niliyekula. Kwa hiyo huna uhakika wowote."

Binsar akafungua mdomo. Na ndani ya kanisa, katika kipaza sauti, kwa sauti isiyojua kunong'ona, Mzee Parulian akaanza:

"Tangazo la ndoa, mara ya pili. Binsar, mwana wa ukoo wa Panjaitan, na Tiurma, binti wa ukoo wa Butarbutar, ambaye baba yake yuko nasi hapa mbele. Watabarikiwa Ijumaa hii katika kanisa hili."

Watu wakapiga makofi, jambo ambalo kanisani kwetu halifanyiki. Mzee Parulian akawangoja wanyamaze.

"Kama kawaida nauliza. Kuna mtu yeyote mwenye pingamizi na ndoa hii?"

Tiurma akajifuta kidevu. Akampita Binsar, akaingia.